MAJI YA MVUA NDANI YA BODI YA LORI: YANAINGILIA WAPI, NA HASARA NI YA NANI?



Mvua za West Nile zikishaanza mwezi wa Aprili hazina haraka ya kuondoka. Hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi kwa nguvu kuanzia Agosti hadi Oktoba, na vumbi halirudi Koboko mpaka karibu na Desemba. Katika miezi yote hiyo malori hayasimami. Yanapandisha saruji, sukari na chumvi. Yanateremsha tumbaku, simsim, mahindi na kahawa ya milima ya Paidha. Mengine yanapita moja kwa moja hadi Oraba na kuvuka Kaya kuingia Sudan Kusini.

Karibu kila mmoja wetu anahusika na malori hayo. Mmoja anapakia kiwandani, mwingine anapakua ghalani, mwingine anabebwa humo alfajiri kwenda shambani, na dereva na utingo wake hulala humo siku mbili tatu wakingoja karatasi za forodha. Mzigo ukilowa, tajiri huuliza kwanza: "Nani alikuwa na gari?" Swali ambalo lingepaswa kutangulia, yaani maji yaliingilia wapi, mara nyingi haliulizwi kabisa. Makala haya ni ya swali hilo, kwa sababu mfanyakazi anayeweza kulijibu ana nafasi ya kujitetea, na asiyeweza kulijibu hulipa.

Mimi nililipa. Mwaka 2009 nilikuwa utingo wa lori la bodi ya bati iliyofunikwa juu, mali ya tajiri mmoja ambaye sitamtaja. Tulipakia mifuko 200 ya saruji. Usiku tukapigwa na mvua njia nzima baada ya Karuma, tukalala Pakwach, kesho yake tukapanda Arua, na kutoka Arua hadi Koboko, ambako wakati huo lami ilikuwa bado, tukaenda polepole katika tope la murram. Tulipofungua milango Koboko, mifuko 14 ya pembe ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imeganda kama mawe ya msingi.

Dereva alikuwa amekwisha kumwambia tajiri mara mbili kwamba pembe ile inavuja. Tajiri alimtuma fundi, na fundi akapaka lami nyeusi kwa ndani, palepale matone yalipoonekana. Lakini yote hayo yalikuwa maneno ya mdomo. Siku ya hasara hakuna aliyeyakumbuka isipokuwa sisi wawili, na mishahara yetu ya miezi mitatu ikakatwa.

Baadaye lori lile lilipelekwa Arua kwa mzee mmoja fundi wa bodi. Nilimwonyesha pembe kwa kidole.

"Ni hapa, mzee."

"Hapa ndipo maji yanapotokea, mwanangu. Mimi nataka yanapoingilia."

Akapanda juu, akatembea taratibu akikanyaga juu ya mbavu za paa, akafika nyuma karibu na mlango, mahali ilipofungwa keria ya kuwekea gurudumu la akiba. Bolti moja ya keria ilikuwa imelegea. Mpira wake wa chini ulikuwa umekauka na kupasuka. Kutoka bolti hiyo hadi pembe iliyokuwa ikidondosha ni mita tano na zaidi! Maji yalikuwa yakipenya penye bolti, yakishika ubavu wa chuma chini ya paa, yakisafiri kwa ndani bila kudondoka, na pale Pakwach tulipoegesha lori pua ikiwa imeinama, yote yakakimbilia mbele. Ile lami ya ndani haikuwa imezuia kitu. Ilikuwa imeyageuza tu maji yatokee kiganja kimoja pembeni.

MAJI HUSAFIRI

Hili ndilo jambo la kwanza kulielewa, na ndilo ambalo mafundi wengi wa haraka hulipuuza. Tone la maji hupenda kung'ang'ania bati. Litatambaa chini ya ubavu, nyuma ya plaiwudi, juu ya waya wa taa, mpaka likute ncha, kichwa cha skrubu au pembe, na hapo ndipo linapoanguka. Mwembamba wa ufa nao hausaidii. Bati mbili zikilaliana na kuacha nafasi nyembamba kama karatasi, maji hunyonywa na nafasi hiyo na kupanda hata juu kidogo, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi.

Lori linapokwenda, upepo huongeza tatizo. Mvua inayoanguka wima juu ya gari lililosimama hupigwa kwa mbele na kusukumwa juu gari linapokimbia. Ndiyo maana bati la mbele la paa lazima lilalie bati la nyuma yake, kama vigae vya nyumba, ili upepo upite juu ya mshono badala ya kuingia kinywani mwake. Nimeona bodi zilizoundwa kinyume, na hizo utaziba kila mwaka mpaka uchoke. Ndiyo maana pia bodi nyingine haivuji hata tone ikiwa imesimama uani, ikavuja barabarani.

Tusidhani ni maji kidogo. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la bodi yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.4 lina mita za mraba 14.4. Mvua moja nzito ya milimita 30, na mvua kama hiyo si ngeni kwetu, humwaga juu yake lita 432, yaani zaidi ya jerikeni 21 za lita 20. Ikiwa sehemu moja tu katika mia inapenya, ni lita 4 na zaidi ndani ya mzigo.

KUTAFUTA TUNDU

Njia ya kwanza haigharimu hata shilingi moja. Bodi ikiwa tupu, chagua saa ya jua kali, mtu mmoja aingie ndani, milango ifungwe, akae kimya dakika tano mpaka macho yazoee giza. Tundu lolote litajionyesha kama nyota. Alizungushie chaki. Hivi ndivyo makontena yanavyokaguliwa bandarini, na ndivyo kontena la kwenda Oraba linavyopasa kukaguliwa kabla forodha haijatia lakiri, kwa kuwa lakiri ikishatiwa dereva haruhusiwi kufungua mpaka afike.

Hapa lazima niseme neno la usalama. Mtu asifungiwe ndani bila mwenzake kusimama mlangoni muda wote, mkono ukiwa kwenye komeo. Tena asiingie kamwe katika kontena au bodi iliyobeba nafaka iliyotiwa dawa ya kuua wadudu kabla halijafunguliwa wazi na kupigwa upepo wa kutosha. Vidonge vya dawa ile hutoa gesi ya fosifini inayoua watu kama inavyoua fukusi.

Jua likishindwa kuonyesha, tumia maji. Si kila gereji Koboko ina mpira wa maji wenye nguvu, lakini pipa lililoinuliwa juu na mpira mrefu yatosha. Anza chini, ndiyo, chini: miguu ya mlango, kisha mipira ya mlango, kisha mishono ya ubavuni, kisha madirisha au matundu ya hewa, na mwisho kabisa paa. Kila sehemu ipewe dakika tano kabla ya kupanda. Ukianza juu, maji yatateremka yakipita kila mahali na hutajua ni wapi yaliponyemelea. Mwenzako awe ndani na tochi. Akiona unyevu, asiangalie matone tu, bali afuate njia ya maji kurudi nyuma na kwenda juu. Mistari ya kutu, vumbi lililooshwa na madoa kwenye plaiwudi ni ushahidi. Kutu hukumbuka njia ambayo sisi tumeisahau.

Mahali pa kushuku kwanza ni palepale ambapo mtu alitoboa bati baada ya bodi kutoka kwa muundaji: bolti za keria, waya wa taa za juu, ngazi ya nyuma, kulabu za turubai. Baada ya hapo, pembe nne za paa, ambako mabati matatu hukutana. Kisha ribiti zilizolegea. Ukizigonga kwa kidole hutoa sauti ya kukereketa, na pembeni mwake huwa na duara la vumbi jeusi. Mipira ya milango ije mwisho, ingawa ndiyo watu wanayoilaumu kwanza.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaosafiri kwa nyumba za magurudumu, yaani bodi kama hizi zenye vitanda na jiko ndani. Ugonjwa wao mkubwa ni huuhuu, na mara nyingi chanzo chake ni kilekile: mshono wa paa au tundu lililotobolewa baadaye. Kwa kuwa kuta zao zina mbao ndani, huchelewa kujua, mpaka mbao zimeoza. Ndiyo maana wenye kujali hupanda juu ya paa na kukagua mishono angalau mara moja au mbili kwa mwaka. Lori la Koboko, linalotikiswa kuliko hizo, halipaswi kungoja hata mwaka.

KWA NINI VIRAKA VINGI HAVIDUMU

Bati hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Paa la chuma la mita 6, likiwa na joto la digrii 18 alfajiri na digrii 60 mchana wa jua, huongezeka urefu kwa karibu milimita 3. La alumini huongezeka karibu milimita 6. Asubuhi hadi jioni, kila siku. Juu ya hayo weka mtikisiko wa mashimo. Sasa fikiri, ndugu, puti iliyokauka kama saruji itavumilia siku ngapi? Itapasuka, na ule ufa wake utakuwa mfereji mzuri wa kuingizia maji. Lami nyeusi nayo huyeyuka na kulegea mchana, hukauka na kuchanika baadaye, tena huficha tundu ili fundi anayefuata asilione.

Kinachotakiwa ni kitu kinachonata na kunyumbuka pia. Gundi ya poliyurethani, ile wanayotumia mafundi wa vioo vya magari, hushika sana bati lililosafishwa na hubaki kama mpira. Baada ya kukauka yaweza kupakwa rangi. Utepe wa butili, ulio laini kama ulimbo, unafaa sana kuwekwa katikati ya bati mbili kabla ya kuzibana kwa bolti. Silikoni watu wanaijua zaidi kwa sababu iko kila duka, lakini ina mambo mawili. Ile ya bei nafuu inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, nayo hula bati na kuanzisha kutu chini yake. Ukiwa lazima utumie silikoni, tafuta isiyonuka siki. Jambo la pili, baada ya silikoni hakuna rangi wala gundi nyingine itakayoshika mahali hapo mpaka yote ikwanguliwe. Binafsi siipendi juu ya paa la lori.

Lakini hata gundi bora haitashika juu ya uchafu, na hapa ndipo kazi nzuri hutofautiana na ya ovyo. Kwangua gundi na lami yote ya zamani. Piga brashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae, ondoa kutu yote, futa mafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Mahali palipobaki chuma kitupu paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke. Ribiti iliyolegea isizungushiwe gundi tu. Itolewe, itiwe mpya iliyo nene kidogo. Bolti itolewe pia, itiwe washa mpya ya mpira na gundi chini yake, kisha ikazwe kwa kiasi, maana ukikaza mno unaikamua gundi yote nje na kubaki na chuma juu ya chuma. Fanya kazi hii kwa nje. Kuziba kwa ndani ni kuyafungia maji ndani ya mbavu yale bodi taratibu.

Na siku ya kufanya iwe kavu. Gundi ya poliyurethani hukauka kutoka nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 2 au 3 kwa siku, hivyo tajiri anayetaka lori liondoke saa ileile anajidanganya. Ukipanda juu, tumia ngazi iliyoshikwa na mtu, usipande paa likiwa limelowa, kanyaga juu ya mbavu wala si katikati ya bati. Paa hilo liko mita 3 na zaidi kutoka chini. Aliyeanguka kutoka hapo hafikirii tena habari ya gundi.

Kosa jingine ni la kuziba kila tundu linaloonekana. Yale matundu madogo chini ya sakafu na kwenye mfereji wa mlango yaliwekwa ili maji yatoke. Yakizibwa, maji yaliyoingia na matope hubaki humo na sakafu huoza kutoka chini.

PALIPO NA MAJI BILA TUNDU

Kuna siku mzigo hulowa na bodi ni nzima. Mahindi au kahawa ambayo haikukauka vema hupumua unyevu; mchana hewa ya ndani hupata joto na kuubeba, usiku paa hupoa, na unyevu ule huganda chini ya bati na kudondoka kama mvua. Mabaharia huita jasho la meli. Dalili zake ni tofauti: matone huenea paa zima badala ya mahali pamoja, hutokea hata usiku usio na mvua, na mifuko hulowa juu yote. Gundi haiponyi ugonjwa huu. Dawa yake ni kupima ukavu wa mzigo kabla ya kupakia (kahawa kavu ya kuhifadhiwa huwa na unyevu wa kama asilimia 12), kuacha matundu ya hewa wazi, kupanga mifuko juu ya mbao na mbali na kuta, na kufunika juu kwa makatoni yanayonyonya.

Tumbaku ina hatari yake. Majani yakilowa kisha yakabaki yamefungwa, hupata joto na ukungu, na mkulima huteremshiwa daraja mezani pa kununulia. Hapo hasara inawaangukia watu wa familia nzima waliovuna na kukausha, ambao hata lori hawakuliona.

Kuhusu malori ya turubai nitasema machache. Turubai lisilazwe bapa. Liinuliwe kwa matao ili maji yasituame, kwa sababu kidimbwi kimoja cha usiku hutafuta kila tundu la sindano. Turubai la pamba lililolowa lisiguswe kwa ndani na mfuko wala bega, kwani pale linapoguswa ndipo linapoanza kupitisha maji. La plastiki hutiwa kiraka cha aina yake, upande wa juu, pembe za kiraka zikiwa za mviringo ili zisibanduke.

ANDIKA

Sasa turudi kwa ile mishahara ya miezi mitatu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimwachii mwajiri kukata mshahara kama apendavyo. Imeorodhesha makato yanayoruhusiwa, kama vile kodi na michango ya kisheria na ada ya chama cha wafanyakazi. Mwenye malalamiko anayo haki ya kuyapeleka kwa Ofisa wa Kazi wa wilaya, na Koboko imekuwa wilaya tangu 2005, hivyo si lazima tena suala lipelekwe Arua. Lakini ofisa atauliza ushahidi, na mimi na dereva wangu hatukuwa nao. Karatasi moja ingetuokoa.

Kwa hiyo kila uonapo uvujaji, hata wa tone moja, andika siku hiyohiyo. Usiandike "gari linavuja". Andika tarehe, namba ya gari, mahali pa kutokea maji, mahali pa kuingilia kama umepaona, na jina la uliyemkabidhi. Mathalani:

"Leo tarehe fulani, lori namba fulani, tumekagua bodi kwa jua kabla ya kupakia. Tumeona mwanga penye bolti ya pili ya keria, upande wa kushoto nyuma. Mstari wa kutu unatoka hapo hadi pembe ya mbele kushoto. Tunaomba bolti itolewe na kuzibwa kwa nje kabla ya kubeba mzigo unaoharibika kwa maji. Mpaka hapo tutapakia bila kuweka mifuko pembe hiyo. Sahihi ya dereva, sahihi ya utingo, sahihi ya mpokeaji."

Tengeneza nakala mbili. Mpokeaji akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, na saa aliyokataa, mbele ya mpakiaji mmoja kama shahidi. Ukiweza, piga picha kwa simu, chaki ikionekana. Na mzigo ukikabidhiwa ukiwa umelowa, usikubali hati ya mzigo iandikwe tu "mifuko 14 mibovu". Iandikwe pia ilikuwa pembe gani.